Alamu iende jikoni

Ukiishi Rongai au Githurai, pembezoni mwa Nairobi, na kazi iko mjini, unajua ukichelewa kuamka kidogo tu foleni imekumeza. Mimi nilikuwa naweka alamu tatu, na zote nazizima bila hata kufungua macho. Siku hizi simu inalala jikoni, kwenye soketi iliyo kando ya sufuria ya chai. Lazima miguu ikanyage sakafu, na Julai sakafu hiyo ni barafu! Ukifika, washa taa papo hapo. Hapa karibu na ikweta jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo ukingoja mwanga wa dirishani umeshachelewa, na mwanga ndio unaouambia mwili kumekucha.

Usiruke saa nzima kwa siku moja. Rudisha alamu nyuma dakika 15, kaa hapo siku tatu nne, kisha rudisha tena. Saa ya kulala nayo irudi hivyo hivyo, la sivyo unajidanganya. Kahawa iishie mchana, maana hata muda wa saa tano hivi ukipita tangu unywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Nguo piga pasi usiku, stima zikiwepo.