Laptopu ya zamani haiwaki: anzia kwenye chaja, usikimbilie Windows

Neno "haiwaki" hubeba matatizo manne tofauti. Kabla ya kushika bisibisi, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, kisha tulia sekunde 10 utazame na kusikiliza. Kama hakuna taa wala sauti yoyote, shida ni umeme. Taa zinawaka na feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi? Mshukiwa wa kwanza ni RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda), wa pili ni skrini yenyewe. Ikionyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikakwama, shida mara nyingi iko kwenye diski. Ikiwaka kisha ikajizima yenyewe, chunguza joto. Wengi hukurupuka kuweka Windows upya na kupoteza mafaili yao bure, ilhali mashine haijafika hata hatua ya kuisoma hiyo Windows.

Tuanze na iliyo kimya kabisa. Soma kibandiko cha chaja, ukilinganishe na maandishi ya chini ya laptopu. Nyingi za zamani hutumia volti 19, 19.5 au 20. Volti zilingane, ampea zikizidi hakuna ubaya, ila zisipungue. Chaja dhaifu inaweza kuwasha taa ya kuchaji na bado ikashindwa pale prosesa inapoanza kuvuta umeme.

Ukiwa na multimita, iweke kwenye volti za DC. Kwa plagi ya duara, ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani wa tundu na nyeusi iguse ganda la nje, bila ncha hizo kugusana. Tikisa waya taratibu wakati unapima, hasa pale unapoingia kwenye plagi, maana hapo ndipo hukatika ndani kwa ndani bila kuonekana. Namba ikirukaruka, chaja ndiyo mbovu. Ikisimama vizuri, usiitangaze nzima bado: umepima bila mzigo. Jaribu chaja nyingine yenye vipimo vilevile. Kagua pia tundu la kuchomekea kwenye laptopu. Likicheza, huenda risasi inayoligandisha kwenye mazabodi (bodi kuu ya laptopu) imepasuka, na kulichezesha kila siku ili "lishike" kunaweza kuiunguza mazabodi hiyo.

Sasa toa chaja na betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliosalia kwenye kapasita (vihifadhi umeme vidogo vya ndani) huweza kukwamisha chipu inayosimamia umeme, na hatua hii huumaliza. Rudisha chaja peke yake, bila betri, uwashe. Ikiwaka, kilichokuwa kinaikwamisha ni umeme huo uliosalia au betri. Kama betri imefungwa ndani, fungua mfuniko wa chini na uchomoe plagi yake kwenye mazabodi. Betri iliyovimba usiikandamize wala kuitoboa. Itoe kwa uangalifu na usiitumie tena.

RAM ndiyo inayostahili subira yako. Katika laptopu zilizokaa miaka mingi, mara nyingi haijafa, imechafuka tu kwenye meno. Chaja na betri zikiwa nje, gusa chuma kitupu ili umeme tuli utoke mwilini. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kwenda nje. Kadi itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo. Utazame mstari wa meno ya rangi ya dhahabu: penye wingu la kijivu au alama ya kidole, safisha kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo spiriti safi, uache ikauke. Kuirudisha, linganisha pengo la kadi na kijino cha tundu, ichomeke kwa mshazari, kisha ikandamize chini hadi usikie vibanio vikilia "tak". Meno yakionekana zaidi upande mmoja, haijaingia. Zikiwa kadi mbili, washa na moja tu, kisha nyingine, kisha badilisha matundu. Tundu bovu hufanana sana na kadi mbovu. Ukisikia milio, ihesabu na utafute maana yake kwa modeli yako, kwa kuwa kila mtengenezaji ana hesabu yake.

Kuhusu skrini, zima taa za chumba na umulike kwa tochi kwa pembeni. Picha hafifu ikionekana, mashine ni nzima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje: picha ikitokea huko, shida iko upande wa skrini ya laptopu.

Saa ikirudi miaka ya nyuma kila unapowasha, betri ndogo ya BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows) imechoka. Nyingi ni CR2032 ya volti 3. Kabla ya kuibadilisha, kama BIOS bado inafunguka, piga picha mpangilio wake, hasa palipoandikwa AHCI au IDE, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski. Mpangilio huo ukibadilika, Windows iliyokuwa nzima inaweza kuanguka kwa skrini ya bluu, nawe ukalaumu diski isiyo na kosa.

Kwa mashine inayokwama baada ya nembo, kwanza chomoa flashi na kadi zote za kumbukumbu, kwani huenda inajaribu kuwakia huko. Kisha ingia BIOS uone kama diski inatajwa. Isipotajwa, itoe na uirudishe. Diski ya kuzunguka inayotoa sauti ya "tik, tik" usiendelee kuiwasha na kuizima: kila jaribio linaweza kuongeza uharibifu. Ikitajwa na haina sauti hiyo, washa laptopu kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta), unakili mafaili kwanza, ukarabati ufuate.

Inayojizima baada ya dakika kadhaa huwa imezibwa na vumbi kati ya feni na mapezi ya kupozea, au pasta ya kupitisha joto la prosesa imekauka. Zuia feni isizunguke wakati unapuliza vumbi.

Ikibaki kimya hata kwa chaja nzima, bila betri, na kila RAM ikiwa imejaribiwa peke yake, kazi ni ya fundi wa mazabodi. Toa diski ubaki nayo kabla ya kumkabidhi mashine.