Mvua Ikikata Wakati wa Kuchanua: Mahindi na Mtama Nyanda za Kati

Mkulima wa Dodoma au Singida akiona mahindi yamejikunja majani mwezi Januari, huanza kusema msimu umekwisha. Mara nyingi haujaisha. Mahindi yenye majani saba au nane yanaweza kukosa mvua wiki mbili, yakadumaa, kisha yakasimama tena mvua ikirudi. Yatabaki mafupi kidogo, basi. Mahindi hayohayo yakipata kiu ileile kuanzia wiki mbili kabla ya kutoa ndevu hadi wiki mbili au tatu baada yake, utavuna magunzi yenye punje za kuhesabu. Mavuno ya shamba zima huamuliwa katika wiki hizo chache, na kazi nyingine zote za msimu zipangwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Mbelewele zinapozitangulia ndevu

Kila uzi wa ndevu umetoka kwenye punje moja. Uzi usipopata chavua, punje hiyo haipo. Maji yakitosha, ndevu hutokeza ndani ya siku mbili au tatu tangu mbelewele, yaani maua ya dume ya kileleni, zianze kumwaga chavua. Tatizo ni kwamba ndevu hurefuka kwa nguvu ya maji, na mmea wenye kiu huzichelewesha huku mbelewele zikiendelea na ratiba yake. Shamba moja humwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo ndevu zikichelewa siku tano au sita zinakuta karamu imekwisha. Joto likipita nyuzi 35, chavua nayo hufa upesi.

Ukimenya mahindi, gunzi lenyewe litakwambia kilichotokea. Punje zikiwa zimetawanyika ovyo, moja huku nyingine kule, uchavushaji ulishindwa. Chini zikiwa zimejaa vizuri lakini nchani kuna vipunje vyeupe vilivyosinyaa, zilichavushwa, ila mmea ulikosa chakula cha kuzilisha ukazitupa zilizo changa zaidi, ambazo daima ni za nchani. Ukame baada ya kuchanua hufanya hivyo, na upungufu wa naitrojeni pia. Usikimbilie kulaumu mbegu kabla ya kuangalia hili.

Mtama una njia nyingine. Majani yake yamepakwa nta inayopunguza upotevu wa maji, mizizi yake huenda chini sana, na ukizidiwa husimama kukua ukingoja mvua. Ua lake lina dume na jike pamoja, kwa hiyo hakuna habari ya kupishana kama kwenye mahindi. Hata hivyo si jiwe: ukame unaoukuta suke likiwa bado limefungwa ndani ya jani la mwisho hadi siku za kuchanua hupunguza punje vibaya.

Tarehe na mbegu

Nyanda za kati mvua huanza Desemba na kuisha Aprili, na mara nyingi hukatika Februari. Mahindi ya muda mfupi yanayochanua kwa siku 50 hadi 55, yakipandwa katikati ya Desemba, yanaingia moja kwa moja kwenye pengo hilo. Hakuna anayeweza kukupa tarehe salama. Unachoweza kufanya ni kutoweka shamba lote kwenye siku moja ya kuchanua: panda mbegu mbili zinazopishana kukomaa, au panda kwa awamu mbili zikiachana siku 10 hadi 14, na sehemu kubwa iwe mtama au uwele. Macia ni mtama mfupi unaokomaa mapema. Palipo na gugu la kiduha, chagua mbegu ya mtama ya Hakika au Wahi, maana kiduha hunyonya maji kwenye mizizi na mtama hunyauka kama wa ukame hata udongo ukiwa na unyevu. Ukiona mnyauko siku chache baada ya mvua nzuri, ng'oa mmea mmoja uangalie mizizi.

Kwa mahindi, usipande kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Chimba kwa jembe: udongo uwe umelowa hadi sentimita 15 au 20.

Kuzuia maji yasikimbie

Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni lita 4,000 hivi. Mvua ya milimita 20 ikipotea nusu, zimeondoka lita 40,000, na kwenye shamba la kuberega (lililopandwa bila kulimwa) lenye tabaka gumu juu upotevu wa namna hiyo ni jambo la kawaida. Fungua udongo kwa jembe la mkono au la kuchana la ng'ombe, kisha weka kizuizi.

Matuta ya kuachana sentimita 75 hadi 90, yaliyozibwa kwa vituta vidogo kila mita moja na nusu hadi mbili, yanafanya kazi vizuri. Vituta hivyo viwe vifupi kuliko tuta lenyewe. Vikiwa sawa au virefu zaidi, maji ya mvua kubwa hupasua tuta, na tuta moja likipasuka yaliyo chini yake hufuata. Kwenye udongo wa mbuga unaotuamisha maji, yaachie njia.

Mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Dodoma, yanahitaji nguvu zaidi ila yanastahimili. Upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Ekari moja huchukua mashimo kama 7,500, kwa hiyo anza kuchimba kiangazi. Weka samadi iliyooza na udongo wa juu, acha shimo lisijae ili lipokee maji.

Mimea michache, mbolea kidogo kidogo

Shamba lililojaa majani mengi mapema hunywa akiba ya udongo kabla ya kuchanua. Hili ndilo kosa linalowashinda hata wakulima wazuri, kwa sababu shamba hilo linapendeza sana mwezi Januari. Mahindi sentimita 90 kwa 30, mche mmoja, ni mimea 15,000 kwa ekari, na inatosha. Mtama 75 kwa 30, bakiza miche miwili. Punguzia wiki mbili baada ya kuota, udongo ukiwa na unyevu. Palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu.

Yurea weka kizibo kimoja cha soda kwa shina au shimo, gramu 4 hadi 5, umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye mmea, na ufukie. Isiyofukiwa hupotea hewani. Udongo mkavu? Subiri mvua, hata kama kalenda inasema leo.

Mvua ikikata kweli

Majani kujikunja saa saba mchana na kufunguka jioni ni kujikinga tu. Yakikutwa yamejikunja alfajiri, mmea umeishiwa. Hapo palilia kwa kukwangua juu tu, kwani jembe likizama hukata mizizi. Usikate majani kulisha ng'ombe kabla punje hazijakomaa: ndiyo yanayozijaza. Kagua viwavijeshi vamizi ndani ya majani machanga ya katikati, maana mmea wenye kiu hauwezi kufidia majani yaliyoliwa. Mwenye kisima au lambo ayaweke maji yote kwenye siku za ndevu, hata kwa robo ekari tu, badala ya kuyagawa msimu mzima.

Ukame ukija wakati wa kujaza punje, mmea huchota sukari iliyowekwa kwenye bua na kuipeleka juu. Bua hubaki tupu, fangasi huingia, na mtama huanguka. Minya bua karibu na ardhi kwa vidole. Likibonyea, vuna mara punje zikikomaa.

Mahindi yaliyopata kiu na joto mwishoni ndiyo hushambuliwa zaidi na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, na mwaka 2016 ililipua maradhi yaliyoua watu Dodoma na Manyara. Tenga magunzi yenye ukungu au tundu za wadudu, anika juu ya turubai, kausha hadi unyevu wa asilimia 13. Kupima, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uiache dakika kumi na tano: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi.