Treni ndogo inashtukashtuka? Safisha reli kwanza, na usisafishe kwa msasa

Wakuu, kama una treni ndogo za umeme zile za HO, yaani treni iliyopunguzwa mara 87 na reli zake zimeachana milimita 16.5, basi huu ugonjwa unaujua. Injini inaenda vizuri, mara inashtuka, taa zinapepesa, inasimama, unaisukuma kidogo kwa kidole inaondoka, hata mita moja haijaisha imesimama tena. Wengi wetu hapo tunakimbilia kufungua injini tukidhani mota imekufa. Acha mota kwanza. Chukua kitambaa cheupe, zungushia kidole, kipitishe juu ya reli kama futi moja hivi, halafu kiangalie kwenye mwanga. Ukikuta mstari mweusi tititi kama masizi ya sufuria ya kuni, ugonjwa ndo huo.

Ule weusi watu wanadhani ni vumbi tu, sio. Injini hizi nyingi hazina betri, umeme unapanda kutoka kwenye reli kupitia magurudumu, na pale gurudumu linapogusana na reli ni padogo mno. Kakiingia kauchafu hapo katikati umeme unaruka, ukiruka unatoa cheche. Zima taa za chumba usiku uinamishe kichwa usawa wa meza, treni ikipita utaziona zile cheche za bluu chini ya magurudumu. Sasa kila cheche inaunguza kidogo uso wa reli na wa gurudumu, inatengeneza oksaidi, yaani utando kama kutu, ile ikichanganyika na vumbi na mafuta ya gia ndo inakuwa ule weusi, na weusi unaleta cheche nyingine. Kwa hiyo uchafu unazaa uchafu, na kazi yako sio kung'arisha reli tu, ni kupunguza cheche. Ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa.

Msasa. Mimi nina meza yangu ya treni huku Marekani, iko besmenti, chumba cha chini ya nyumba, na mwaka wa kwanza nilikuwa kila wikiendi nasugua reli kwa msasa zinang'aa mpaka unajiona, nafurahi, baada ya siku chache treni zinakwama vilevile. Siku moja nikaweka kioo cha kukuzia juu ya reli, nikaona mikwaruzo imejipanga kama shamba lililolimwa na kila tuta lina weusi wake ndani. Msasa unachimba mifereji, uchafu unakaa humo na kitambaa hakifiki. Hata zile raba ngumu za kusugulia reli wanazouza ziwe za dharura tu, pale penye gundi au rangi iliyokauka. Na ule waya wa kusugulia sufuria usiuingize kabisa kwenye hicho chumba, nyuzi zake zinakatika, sumaku ya mota inazivuta, zinaingia ndani ya injini na hapo umeme unapiga shoti.

Kama ulishakwaruza usikate tamaa. Tafuta kipande cha chuma chenye uso laini kisicho na ncha, kama washa pana ya chuma cha pua, ile pete bapa ya kwenye bolti, kisugulie juu ya reli kwa kukandamiza, bila haraka, mara nyingi, mpaka uso ulainike. Inachosha mkono lakini inasaidia sana.

Sasa dawa. Karibu kila mtu anatumia spiriti, kwa sababu inakauka haraka na kitambaa kinatoka cheusi mpaka unaridhika. Spiriti inasafisha kweli, ila wenye treni wengi wameona weusi unarudi mapema wakiitumia peke yake, na mimi nimeona hivohivo. Mafuta ya taa yanafanya kazi nzuri zaidi kwenye reli, ndio haya haya ya kwenye kibatari na jiko la mchina. Nilipofungua chupa mara ya kwanza ile harufu ilinirudisha jikoni kwa bibi Tanga, aisee. Utaratibu wangu uko hivi, nazima umeme wa reli zote, nafungua dirisha, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi nakilowesha kidogo tu, kiwe na unyevu kisichuruzike, napitisha juu ya reli kipande kwa kipande na nageuza upande msafi kila kinapojaa weusi. Halafu kitambaa kikavu, napitisha tena mpaka kisitoke na kitu. Usiruke hii ya kikavu, reli ikibaki na mafuta injini itateleza kwenye mlima na vumbi litanata. Vitambaa vilivyotumika navitoa nje, havilali ndani ya nyumba karibu na hita.

Wengine wakimaliza wanapaka grafaiti kidogo sana, ile ya penseli laini ya kuchorea isiyo na nta, mstari mmoja mwepesi juu ya reli basi. Inapitisha umeme na cheche zinapungua. Mimi napaka sehemu tambarare tu, kwenye mlima sipaki kwa sababu ikizidi magurudumu yanazunguka bure.

Ila kusafisha reli ukaacha magurudumu ni sawa na kuoga ukavaa nguo ileile. Weka tishu ya jikoni juu ya reli, idondoshee spiriti kidogo, pandisha injini nusu, magurudumu ya mbele yawe juu ya tishu na ya nyuma yabaki kwenye reli yapate umeme, ishike kwa mkono halafu washa pole pole. Magurudumu yanazunguka hapohapo yanaacha alama mbili nyeusi. Sogeza tishu, rudia mpaka alama zipotee, geuza injini. Kama ina magurudumu yenye mpira wa kushikia, hayo yafute kwa kijiti cha pamba kikavu, dawa zinauharibu mpira. Mabehewa nayo msiyasahau, hasa ya magurudumu ya plastiki, yanakusanya uchafu na kuusambaza meza nzima. Nilibadilisha yangu yote nikaweka ya chuma, ikanigharimu lakini sijutii.

Kwenye pointi, pale treni inapobadilisha njia, nenda taratibu na kijiti cha pamba. Ule ulimi unaohama lazima uguse reli ya pembeni vizuri, kama pointi yako inategemea mguso huo kupitisha umeme basi safisha upande wa ndani, sio juu tu.

Kati ya siku za usafi mkubwa nna behewa moja la mizigo lenye kipande cha hadibodi chini yake, sehemu ya nyuzinyuzi imetazama reli, misumari miwili imepenya kwenye sakafu ya behewa kiasi kwamba hadibodi inapanda na kushuka yenyewe. Kingo zake nimezichonga mviringo zisinase kwenye viungio. Linavutwa katikati ya treni kila siku, hadibodi ikiwa nyeusi naisugua kwa msasa, na hapo ndo pekee msasa unaporuhusiwa.

Ukishafanya yote haya na treni bado inasimama, tena palepale kila mara, basi hapo sio uchafu. Mara nyingi ni kiungio cha reli kimelegea. Vile vibati vya kuunganishia usivitegemee kupitisha umeme miaka yote, kila kipande cha reli kichomelee waya wake mwembamba chini ya meza uende kwenye waya mnene unaoleta umeme wa reli hiyo.

Na kuhusu reli zenyewe, kama ndo unaanza nunua za nikeli silva, jina lina silva lakini ni shaba, zinki na nikeli tu. Nazo zinashika oksaidi ila haisumbui umeme kama ile ya reli za zamani za shaba ya manjano. Za chuma zinaota kutu, kwenye besmenti yenye unyevunyevu utalia.

Siku ya kumwaga zile kokoto ndogo za kuzunguka reli na gundi yake uwe na kitambaa chenye maji mkononi, pangusa juu ya reli kabla gundi haijakauka. Ikikauka ndo hapo unaitafuta ile raba.