Ukali Ule wa Banda la Kuku ni Mbolea Inayopaa

Ingia banda la kuku alfajiri kabla halijapitiwa na upepo. Macho yanawasha, pua inachoma. Gesi hiyo ni amonia, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye urea iliyorushwa juu ya udongo wenye unyevu ikaachwa wazi, ila shambani upepo huichukua mapema usiisikie. Wiki kadhaa baadaye mahindi yanageuka manjano kuanzia majani ya chini, na mtu anasema ameuziwa mbolea feki. Huenda ni kweli, maana feki zipo. Lakini kabla hujarudi dukani kugomba, kumbuka uliiwekaje.

Piga hesabu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni, chakula cha mmea kinachoondoka na amonia hiyo, asilimia 46, yaani kilo 23. Ikipaa sehemu moja tu ya tano, ni sawa na kuchota kilo 10 za mbolea na kuzimwaga njiani. Na juani, kwenye udongo wa chokaa au wenye majivu, hasara huweza kuzidi hapo.

Amonia hiyo haiishii angani. Ikikutana na tindikali zilizotokana na moshi wa magari, viwanda na makaa ya mawe, hushikamana nazo na kuwa chembe zenye upana usiofika mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara ishirini au zaidi. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na zinahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe zote za udogo huu, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hizi zinazotokana na amonia wataalamu huziweka kwenye kundi la vichafuzi vya pili: hakuna bomba wala jiko linalozitoa, zinaundwa hewani baada ya vichafuzi vya kwanza kukutana.

Kichafuzi kingine cha kundi hilo ni ozoni. Ile ya juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Hii ya huku chini huunguza. Hutokea pale gesi za moshi wa injini na wa nyasi zinapopigwa na jua, ndiyo maana huwa nyingi mchana na alasiri. Mara nyingi, mashamba yaliyo upande ambako upepo hupeleka hewa ya mji hupata ozoni nyingi kuliko mjini penyewe, kwa kuwa katikati ya mji moshi mbichi wa magari huila. Moto wa nyika nao umo: mwishoni mwa msimu wa kiangazi, Septemba na Oktoba, setilaiti huiona ozoni ikijikusanya kutoka kusini mwa Afrika hadi juu ya Atlantiki ya Kusini. Kule Los Angeles, Marekani, wakulima wa mboga waliona majani yakiharibika tangu miaka ya 1940, kabla mkemia Arie Haagen-Smit hajaeleza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba jua na moshi ndivyo vinavyoipika hewa ile.

Kwa mkulima wa maharage hili si jambo la mbali, kwani maharage ni miongoni mwa mazao yanayoumia upesi. Ukiona vidoa vidogo vya rangi ya shaba upande wa juu wa jani, kati ya mishipa, vikianzia majani makubwa, usikimbilie dawa ya ukungu. Sugua kwa kidole: kutu ya maharage huacha unga wa hudhurungi. Geuza jani: utitiri huacha utando mwembamba chini yake. Vyote viwili visipoonekana, ozoni iingie kwenye orodha ya washukiwa, na dawa ya kupulizia haitaitibu.

Sasa kazi. Urea ifukie. Chimba kitundu chenye kina cha sentimita 5 hadi 10, umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka shina, weka kipimo chako, rudisha udongo. Inachosha, najua, na vibarua hupenda kurusha. Kama huna budi kurusha, subiri mvua ya kweli, milimita 10 na zaidi, iizamishe. Manyunyu ni mtego, kwani huyeyusha punje na kuziacha juu. Usichanganye urea na majivu wala chokaa, vitu hivyo huiharakisha kupaa. Penye matandazo, yasogeze kwanza. Urea iliyolala juu ya mabua hupaa kuliko iliyo kwenye udongo mtupu.

Mabua usiyachome. Watu huchoma kwa sababu kunasafisha shamba kwa siku moja na kufukuza panya, lakini nitrojeni iliyomo nayo huondoka na moshi. Yalaze kati ya mistari. Yaliyojaa funza wa mabua wape ng'ombe au yaoze kwenye mboji.

Samadi iwe kivulini, imefunikwa kwa majani ya mgomba au turubai. Bandani ziba chombo cha maji kinachovuja na badilisha maranda yakilowa, maana kinyesi kikavu hutoa amonia kidogo.

Siku za jua kali zenye moshi, mwenye pumu apalilie asubuhi kabla ozoni haijaongezeka, mchana apumzike. Barakoa ya kitambaa husaidia kwenye vumbi la kupepeta, lakini ozoni hupita. Kikohozi kikavu, koo kuwasha na kifua kuuma anapovuta pumzi ndefu ni dalili za kuacha jembe, na pumzi zikianza kubana aende zahanati siku hiyo hiyo.