Kufuga fangasi wa mchanga wa bahari ya baridi ukiwa Dodoma

Wadau, hii kazi haihitaji uishi ufukweni. Tunaowatafuta ni fangasi wadogo kina Corollospora na Arenariomyces, wanakaa kwenye mchanga wa pwani kama za Denmark huko na wanakula mbao na mwani uliofukiwa.

1. Mchanga. Anayekuletea achote pale mawimbi yanapoacha takataka, na vipande vya mbao na makombe viwemo humo humo. Vibali malizeni kabla haujasafiri.

2. Maji. Agiza dumu la maji ya bahari toka Dar, siku hizi kwa SGR linafika siku hiyo hiyo, chuja halafu piga kwenye presha kuka. Chumvi yake ni kama gramu 35 kwa lita, haipishani sana na ya Bahari ya Kaskazini, ile ya magharibi mwa Denmark.

3. Tandaza mchanga kwenye petridishi (kisahani cha maabara chenye mfuniko), loanisha tu usifurike, laza juu vijiti vya mbao laini ulivyokwisha kuchemsha, funika.

4. Friji, nyuzi 10 hivi. Ya nyumbani inashuka mpaka 4, kwa hiyo punguza ubaridi na uweke kipimajoto ndani, usiamini namba za kwenye kitufe.

5. Hapa ndo Dodoma inapowaumbua watu. Hewa yetu kavu, friji nayo inakausha, maji yanapungua lakini chumvi haiendi popote, sasa mtu anaona pamekauka anaongeza maji ya bahari, akirudia mara kadhaa anakuwa na kachumvi ka Bahi, lile bonde la chumvi la hapa Dodoma, sio ufukwe tena. Pima uzito wa petridishi siku ya kwanza uandike kwenye mfuniko, ukipungua rudishia kwa maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na chumvi kabisa, mpaka uzito ule ule.

6. Subiri miezi, ndio, miezi. Ukungu wa kijani ukitokea mapema mara nyingi ni Penicillium wa vumbi, utoe. Wetu ni vidoti vyeusi vya mviringo vilivyong'ang'ania punje za mchanga au kombe, karibu na kijiti, hata robo milimita havifiki vingine.

7. Pasua kidoti kwenye tone la maji ya bahari, angalia kwa lenzi ya 40 ya hadubini. Spora (mbegu ya fangasi) ya Corollospora maritima ina seli 6, za kati kahawia, za ncha hazina rangi, na ina vishikizo vyembamba pembeni, ndo vinavyoinasisha kwenye povu la bahari. Mchanga ukimaliza urudishe presha kuka kabla ya kumwaga.