Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza Zelda II: The Adventure of Link

Mchezaji aliyezoea mchezo wa video wa The Legend of Zelda ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1986, huingia katika hii ya pili akiwa na mazoea yatakayomponza. Nintendo iliitoa Japani Januari 1987, na Wamarekani wakaipata mwishoni mwa mwaka 1988 katika katriji ya rangi ya dhahabu. Mtazamo wa kutoka juu ulibakizwa kwenye ramani pekee. Ukiingia pangoni, mjini au kasrini, unamwona Link, shujaa unayemchezesha, kwa ubavu, akiruka, akichutama na kukusanya pointi za uzoefu za kumpandisha ngazi. Mchezo wa tatu, wa mwaka 1991, uliurudia mtazamo wa zamani, na huu wa pili ukabaki na sifa ya kuwa mgumu kupita kiasi. Kwa maoni yangu, ugumu huo hautokani sana na ukali wa maadui bali na gharama ya kufa, na karibu kila tahadhari iliyomo humu inalenga kuipunguza gharama hiyo.

Ni vema kwanza kujua toleo ulilo nalo. Link anaanza na maisha matatu, na yakiisha yote anarudishwa hadi Kasri la Kaskazini, mahali ambapo binti mfalme Zelda amelala, hata kama alikuwa amefika ng'ambo ya pili ya Hyrule, nchi ya mchezo huu. Pointi zote ambazo hazijatumika kupandia ngazi hupotea. Katika toleo la Kijapani la diski, adhabu ni kali zaidi, kwa kuwa ngazi za shambulio, uchawi na uhai zote hushushwa hadi kulingana na ile iliyo ya chini kabisa, hivyo anayecheza toleo hilo hana budi kuzipandisha kwa pamoja. Katika toleo la katriji la NES, mashine ya Nintendo iliyouzwa nje ya Japani, ngazi hubaki zilivyo. Mwenye katriji ya zamani akumbuke pia kwamba kumbukumbu yake hutegemea betri ndogo iliyomo ndani, ambayo kwa umri huu huenda imekwisha, na kwamba kitufe cha Reset kinapaswa kushikiliwa wakati wa kuzima mashine ili kilichohifadhiwa kisiharibike. Anayecheza kupitia huduma ya Nintendo Switch Online anaweza kuhifadhi mahali popote, jambo ambalo kwa kweli linaugeuza kuwa mchezo mpole zaidi.

Pointi zinahitaji hesabu kama za mfanyabiashara. Ngazi ya pili ya uhai huhitaji pointi 50, ya uchawi 100, na ya shambulio 200, na kadiri unavyopanda ndivyo kiasi kinavyoongezeka, hadi ngazi ya nane ya shambulio inayotaka 8,000. Unapofikisha kiwango cha chini mchezo hukuuliza kama unataka kupanda, na katika toleo la NES unaruhusiwa kukataa ili uendelee kulimbikiza. Ningemshauri mgeni akatae mwanzoni na kusubiri ngazi ya shambulio, kwa sababu adui anayekufa kwa mapigo machache hapati nafasi ya kukujeruhi. Zingatia vilevile kwamba ukiweka kito ndani ya sanamu mwishoni mwa kila kasri kati ya yale sita, unapewa pointi zote zilizosalia kufikia ngazi inayofuata. Kukiweka ukiwa umebakiza pointi kumi ni kutupa zawadi kubwa. Afadhali upigane kidogo, upande ngazi hiyo kwa jasho lako, kisha ukiweke wakati pengo limekuwa pana.

Mazoezi ya upanga hayakwepeki. Upanga wa Link ni mfupi mno, na miale yake huruka tu akiwa na uhai kamili. Kipimo cha kweli ni Ironknuckle, askari wa chuma anayekutana nawe tangu kasri la kwanza, Parapa. Ukisimama, anainua ngao. Ukichutama, anaishusha, na upanga wake hufuata mtindo huohuo. Anayebofya kitufe ovyo mbele yake hufa. Njia inayofaa ni kumrukia kwa karibu na kuchoma wakati unashuka, upanga ukiwa usawa wa kichwa, kisha kurudi nyuma hatua moja kabla hajajibu. Jizoeze kwa yule wa rangi ya machungwa, aliye dhaifu kuliko wenzake, kwani wa buluu hurusha upanga kutoka mbali na hatakupa muda wa kujifunza.

Safari za ramani zipangwe kupitia barabarani. Vivuli vya maadui vinavyozagaa porini vikikugusa ukiwa juu ya barabara, unaingia mahali patupu na kutoka salama. Vikikukuta msituni, kinamasini au jangwani, utapigana. Mijini usipite haraka, maana wapo wanawake wanaorudisha uhai na uchawi bila malipo, na wazee wanaofundisha uchawi kwa masharti, kwa mfano ule wa kuruka juu, unaofundishwa katika mji wa Ruto baada ya kurudisha sanamu iliyoibwa. Bila huo hutaufikia mlango wa juu katika mji wa Mido, anakoishi mwalimu wa pigo la kuchoma kwenda chini, ambalo hubadilisha kabisa namna ya kupigana. Mtu wa Ruto anayesema tu kwamba jina lake ni Error si hitilafu ya mchezo; katika mji ulio mbele utaelekezwa kwake upya, na safari hiyo atakuwa na la kusema.

Wanasesere wa sura ya Link wanaoongeza maisha ni wachache na ukishamchukua mmoja harudi tena, ilhali maisha aliyokupa yatapotea pamoja na mengine utakaposhindwa. Waache wale unaowaona mapema mpaka uwe na safari ya maana.

Kuhusu Kasri Kuu, lile la mwisho, usiliendee kabla ya kupata msalaba katika kasri la sita, kwani njia inayoelekea huko ina maadui wasioonekana bila huo, wala kabla ya kujifunza uchawi wa radi katika mji uliohamwa wa Kasuto. Thunderbird, adui mkubwa wa kasri hilo, hadhuriki hata kidogo kabla hujampiga radi, na uchawi huo hutafuna karibu akiba yote ya mtu ambaye hakupandisha ngazi ya uchawi, hivyo usiziguse ovyo chupa nyekundu utakazokutana nazo njiani, kwani hujaza uchawi papo hapo na hazibebeki; ziache hadi akiba yako ipungue. Ukishindwa ndani ya kasri hili unaanzia mlangoni pake, na hapa ndipo mchezo unapoonyesha huruma. Anayefuata ni kivuli cha Link mwenyewe, na wengi humshinda kwa kuchutama kwenye kona ya kushoto na kuchoma mfululizo. Mbinu hiyo haina heshima, lakini inakubalika.