SOMO: Maski ya oti na asali kwa ngozi kavu inayowasha

Haya wapendwa, wale mliokuwa mnaniulizia kitu cha jikoni cha ngozi kavu inayowasha na kubanduka, somo ndo hili. Vitu vitatu tu. Najua kuna watu wanataka listi ndefu, sijui limao sijui mdalasini sijui ute wa yai, hapana, ukipaka vitu saba kwa mpigo alafu uso ukavimba utajua nani kaharibu?

Mahitaji
Oti kavu vijiko 2 vya mezani (zisizo na sukari wala ladha), asali kijiko 1 cha chai, na maji ya uvuguvugu. Mwenye mtindi usio na sukari anaweza kuweka badala ya maji.

HATUA YA 1
Saga oti kavu kwenye blenda mpaka ziwe unga laini kabisa. Hapa ndo wengi wanachemka, wanasaga nusunusu wanapaka, alafu wanasema maski inakwaruza. Kujua kama imeiva chukua kijiko kimoja cha unga koroga kwenye glasi ya maji, maji yakigeuka meupe kama maziwa uko vizuri, ukiona chembe zimekimbilia chini zote rudisha kwenye blenda. Unga laini ndo unatanda kwenye ngozi na kushika unyevu. Na oti zina viambato vinaitwa avenantramaidi ambavyo vinatuliza wekundu na muwasho, hii sio stori ya vijiweni maana hata FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, tangu 2003 inautambua unga laini wa oti kama kinga ya ngozi.

HATUA YA 2
Changanya unga na asali, ongeza maji kidogo kidogo mpaka iwe nzito ya kupakika, isichuruzike. Asali inavuta unyevu, ndo maana uso ukitoka hapo unakuwa laini.

HATUA YA 3
Jaribu kwanza! Paka kidogo upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, osha baada ya dakika 10 alafu subiri saa 24 mpaka 48. Cha asili sio lazima kiwe salama kwako, kuna watu wana aleji ya asali na oti na hawajui.

HATUA YA 4
Nawa uso, paka, ruka macho. Dakika 10 mpaka 15 zinatosha, usingoje ikauke mpaka uso unakaza huwezi hata kucheka, ikifika hapo imeshaanza kukukausha.

HATUA YA 5
Suuza bila kusugua, gusagusa na taulo, na ngozi ikiwa bado ina majimaji paka losheni yako hapohapo. Ukiiacha hii hatua ni bora usingejisumbua kusaga oti. Mara moja au mbili kwa wiki basi.

MASWALI YENU

Dada asante kwa somo, mi nina madoa ya chunusi naweza kukamulia limao humo?
Usithubutu mpenzi. Limao lina pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa) ya kama 2, ngozi iko kwenye 5 hivi, na kila namba moja ukishuka ukali unazidi mara 10, piga hesabu mwenyewe. Tena limao na ndimu zina kemikali ambazo zikikutana na jua zinaunguza ngozi, unapata malengelenge na baadae doa jeusi kuliko lile ulilokuwa unalikimbia, na linaweza kukaa miezi. Dawa ya kwanza ya madoa ni losheni ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua, kimeandikwa kwenye chupa) 30 kwenda juu, kila siku.

Na bekingi soda je?
Hiyo ni ya keki.

Sina losheni, mafuta ya nazi yanafaa? Nina chunusi kidogo
Miguuni na mikononi paka tu. Usoni kwa mwenye chunusi mara nyingi yanaziba vinyweleo, tafuta losheni nyepesi.

Nikitengeneza nyingi nikaweka kwenye friji itakaa wiki?
Unga mkavu weka hata kwenye kopo lenye mfuniko, utakaa. Ila ukishatia maji hakuna kitu cha kuzuia bakteria na fangasi, friji inawachelewesha tu. Tengeneza ya leo, ikibaki mwaga.

Mimi mwanaume, nikinyoa ndevu natoka vipele shingoni, inasaidia?
Karibu kaka. Itatuliza muwasho ila vipele vyenyewe vinatokana na nywele kujikunja na kurudi ndani ya ngozi, kwahiyo nyoa kufuata nywele zinakoelekea na usikwangue sana. Na weka maji sio mtindi, mtindi una asidi ya laktiki, kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa utaruka.

Mama wawili hapa, mdogo ana miezi 8 ngozi inamkauka na anajikuna usiku, nimpake?
Dada asali hapana kabisa, mtoto chini ya mwaka 1 akiilamba anaweza kupata botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli, na ni hatari kweli. Fanya hivi, weka unga wa oti kwenye kitambaa safi funga fundo, kamua kwenye maji yake ya kuoga ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, aoge dakika 10 alafu mpake mafuta yake. Jaribu kwanza kwenye mkono kama nilivyosema juu. Ukiona ngozi imechanika au inatoa maji mpeleke kwa daktari, na kwenye beseni usimwachie hata sekunde, oti zinateleza mno.